Ulimi wa Dalali

Katika nyumba ile hakuna aliyekunywa chai kabla ya kutoa ulimi. Sheria hiyo ilianza watoto wakiwa wadogo, ikaendelea mmoja alipoota ndevu na mwingine alipoolewa, na hata walipohama wote wawili na kuwaachia wazazi wao nyumba nzima, ilibaki pale pale, mbele ya dirisha la jikoni, penye mwanga mzuri wa asubuhi.

Aliyeitunga alikuwa mama mwenye nyumba, muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye kila mtu, kuanzia madaktari hadi muuza mkaa, alimwita Sista. Mumewe naye alimwita Sista, hata mbele ya wakwe. Ukimuuliza kwa nini, alikwambia kuwa mwanamke aliyekudunga sindano ya tako kabla hamjajuana majina huwezi tena kumwita mpenzi, ulimi wenyewe unakataa.

Sheria haikushuka kutoka hewani. Binti yao alipokuwa bado wa kubebwa, aliharisha kutwa nzima wakati Sista yuko zamu, anahangaika na watoto wa watu. Aliporudi alimkuta mtoto amelala kimya, na yaya akajisifu kwamba leo mtoto ametulia, hasumbui. Sista alimfungua kinywa. Ulimi ulikuwa mkavu kama kipande cha ngozi kilichoanikwa. Alitoka mbio na mtoto mgongoni, bila viatu, akarudi hospitali alikotoka. Mtoto alipona. Mama mtu hakupona. Tangu siku ile aliapa kwamba hakuna ugonjwa utakaoingia nyumbani kwake bila yeye kuuona mlangoni, na mlango aliouchagua ni ulimi.

Mtu anaweza kukudanganya kwa maneno, alipenda kusema, lakini hicho anachosemea uongo hakidanganyi. Ulimi wenye utando mzito mweupe alijua una homa nyuma yake, au tumbo lililofunga. Uliopauka ulimwambia damu ni pungufu. Mwekundu, laini, unaong'aa, uliopoteza vile vipele vyake vidogo, ulimwambia mtu huyu anashiba lakini mwili wake haupati unachokihitaji. Wenye mabaka yanayohamahama kama ramani za nchi zisizoelewana mipaka, huo aliuacha, hauna neno. Na kijana wao, siku ya mtihani wa hesabu, alilamba chaki aliyoichukua darasani jana yake, akatoa ulimi mweupe pe na kuguna kwa uchungu. Sista alipitisha ukucha juu ya ulimi ule mara moja tu, akautazama ukucha, kisha akamtazama mtoto.

“Utando hukwanguka,” alimwambia. “Chaki nayo hukwanguka. Kisichokwanguka ndicho cha kuogopa. Chukua mkoba wako.”

Maneno hayo aliwafundisha hata wanafunzi wa uuguzi waliopita mikononi mwake, nao wakayapeleka kwenye wodi zao huko na huko. Kisichokwanguka ndicho cha kuogopa. Kama kuna sentensi ambayo baadaye alitamani asingeijua, ni hiyo.

Mumewe alikuwa dalali wa mnada, na watu hawakumwita kwa jina lingine. Aliuza vyombo vya waliohama, vya waliofariki, na vya waliojaribu biashara ikawashinda: makochi, majokofu, vitanda vya chuma, saa za ukutani zilizosimama. Ulimi ndio uliomlisha. Alikuwa na sauti ya kupenya bati, na maneno yalimtoka kwa kasi hivi kwamba wanunuzi walijikuta wameinua mkono kabla hawajaamua. Alivuta sigara miaka mingi ya ujana wake, mpaka Sista alipomwambia achague kati ya moshi na chakula cha jioni, akachagua chakula.

Kila asubuhi alisimama dirishani na kutoa ulimi. Sista aliutazama, akasema, “Haya, kanywe chai.” Naye Dalali aligonga ubao wa dirisha kwa kifundo cha kidole: “Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nimeuzwa, na mnunuzi ni yule yule wa jana.” Utani huo ulizeeka pamoja nao. Sista aliacha kuucheka zamani, lakini siku Dalali alipokuwa na mafua akasahau kugonga, yeye ndiye aliyemkumbusha.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo Sista mwenyewe alilisema baadaye kwa uchungu mwingi kuliko wangu. Mazoea yana taabu. Jicho linalotazama kitu kile kile miaka nenda miaka rudi huacha kutazama, huwa linapita tu, kama mtu apitaye mbele ya kanisa la mtaani kwao. Mwanzoni Sista alikuwa akiwashika watoto kidevu na kuwageuza kwenye mwanga. Kufikia ule mwaka ninaousimulia, alikuwa anamimina chai kwa mkono mmoja huku anautazama ulimi wa mumewe kwa pembe ya jicho. Tena aliutazama juu tu, pale panapojitokeza ukitoa ulimi. Hakumwambia auinue. Hakumwambia auvutie huku au kule. Wodi ya watoto ilikuwa imemzoeza hivyo, maana magonjwa ya watoto huandikwa juu ya ulimi, waziwazi. Ya wazee hujificha pembeni na chini, na Sista alilijua hilo vizuri tu. Alilifundisha. Lakini yule aliyekuwa mbele yake asubuhi hakuwa mgonjwa, alikuwa mume wake, na mkate ulikuwa unaungua.

Dalili zilikuwepo, na zote zilipata maelezo. Dalali alianza kutafuna upande mmoja. Sista akasema ni lile gego lililovunjika, akamsisitiza aende kwa daktari wa meno, naye akaahirisha kama wanaume wanavyoahirisha. Akaanza kuacha pilipili aliyokuwa akiila kama karanga. Sista akashukuru kwamba mwishowe mtu huyu amepata akili. Kule mnadani vijana wanaobeba vyombo wakamtania kwamba siku hizi anavuta maneno kama mlevi, naye akawajibu kuwa anayavuta ili wao wenye akili nzito wayapate. Sista aliposikia alicheka. Uzee huo, alisema. Usiku Dalali alilalia upande wa kulia tu, na hilo pia lilikuwa uzee.

Gego ndilo lililowapeleka. Lilianza kumkosesha usingizi, na Sista akamshika mkono mpaka kwa daktari wa meno, dada mmoja kijana mwenye chumba kimoja juu ya duka la viatu. Palikuwa na kiti cha kulalia, taa ya kuinamisha, na picha ya meno yanayotabasamu bila mwenyewe. Sista alikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani. Daktari akawaamkia, akamlaza Dalali, akatazama gego, akasema kweli limevunjika na ncha yake ni kali. Kisha akachukua kipande cha shashi, akaushika ulimi wa Dalali kwenye ncha, akauvuta nje na kuugeuza kando.

Akanyamaza.

Sista alikijua kimya hicho. Yeye mwenyewe alikuwa amekifanya mbele ya akina mama wengi, kile kimya cha mtu anayetafuta sura ya kuvaa kabla hajainua kichwa. Aliinuka kutoka kwenye benchi bila kujua ameinuka.

Pembeni mwa ulimi, upande wa kushoto, nyuma kule ambako ulimi uliotolewa haufiki nje, palikuwa na kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, na kukizunguka baka jeupe. Daktari alipitisha shashi juu ya lile jeupe, taratibu, mara mbili. Halikukwanguka.

“Mzee, hiki kidonda unacho tangu lini?”

Dalali akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu wa kutaja tarehe. Akasema tangu mjukuu wake alipozaliwa. Na sasa mjukuu alikuwa anakaa mwenyewe na kutupa vijiko.

“Muda wote huo hukumwonyesha mtu?”

“Nimemwonyesha,” alisema Dalali, na akamnyooshea Sista kidole, kwa fahari kabisa. “Huyu ni muuguzi. Ananitazama ulimi kila siku kabla ya chai. Kingekuwa kitu cha maana angeshaniambia.”

Daktari wa meno akamgeukia Sista. Hakuwa na lawama usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaanza kuandika barua ya kuwapeleka hospitali kuu, na Sista akabaki amesimama katikati ya chumba, mkoba umeanguka, funguo za nyumba zimetawanyika sakafuni.

Walirudi kwa miguu. Njiani Dalali alisalimiana na watu kama kawaida, akamwuliza fundi baiskeli habari za mguu wake. Sista alitembea nyuma hatua chache. Walipofika kwenye uchochoro wa nyumbani ambako hakuna watu, alimshika shati.

“Kwa nini hukuniambia, baba watoto?”

Dalali alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Nikwambie nini? Mimi nilidhani wewe ndiye hujaniambia. Nilijua umekiona, ukaona si kitu. Kikiniuma usiku najisemea, Sista alinitazama leo asubuhi, lala.”

Mtu akikuchoma kisu unaweza kupiga kelele. Sista hakuwa na hata hiyo nafasi. Aliingia ndani, akaweka maji ya chai jikoni, na maji yakachemka mpaka yakaisha.

Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema utafanya nini ukigundua kwamba umekuwa ukiipiga pasi nguo hiyo kila asubuhi. Binti yao alipopigiwa simu alilia, kisha akauliza swali ambalo lilimtoka kabla hajalifikiria: “Lakini Mama, si ulikuwa unamtazama?” Akaomba radhi papo hapo, akasema hakumaanisha. Sista akamwambia hakuna ubaya, ni swali zuri. Majirani nao walikuja kukaa naye sebuleni, na mmoja wao, mwenye duka la kona, alitikisa kichwa na kusema mganga hajigangi, akidhani anafariji. Sista akamwongezea sukari kwenye kikombe asiwe na la kusema.

Hospitali walikata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, na Sista akagundua kitu ambacho kazini hakuwahi kukijua: jinsi benchi la kusubiria lilivyo gumu. Maisha yake yote alipita mbele ya mabenchi yale kwa haraka, na trei mkononi, akiwaambia watu wasubiri. Sasa wauguzi vijana walimpita yeye. Mmoja alimtambua, akamshika bega akasema, “Sista, wewe ndiye uliyetufundisha ulimi.” Sista alitamani sakafu ipasuke.

Majibu yalikuwa yale aliyoyajua tangu kwenye chumba kilicho juu ya duka la viatu. Daktari bingwa, mwanamume mwenye sauti ya chini na kucha safi, aliwaeleza kwa utaratibu. Ni saratani. Imekaa muda mrefu. Imeanza kugusa tezi za shingo. Watakata nusu ya ulimi na zile tezi, kisha mionzi. Wangekuja mapema, alianza kusema, halafu akamwona Sista akaiacha sentensi hewani. Dalali aliuliza kama ataweza kuongea. Daktari akasema ataongea, lakini si kama sasa, na wageni watapata shida kumwelewa.

“Nusu,” alisema Dalali. Akamgeukia mkewe. “Umesikia, Sista? Ninauzwa nusu bei.”

Daktari hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Sista alicheka kwa sababu mumewe alikuwa anamwangalia akingojea, na kicheko hicho kilimwacha mgonjwa kutwa nzima.

Alichokitaka Sista ni hasira. Alimngojea Dalali avunje kitu, au amgeukie usiku amwambie, wewe na dirisha lako. Angepokea. Angepiga magoti. Lakini Dalali alikuwa mpole kupita siku zote, anamsaidia kukunja nguo, anamuuliza kama amekula. Siku moja alishindwa kuvumilia, akamwambia, “Nikasirikie basi.” Dalali akafikiri, shati mkononi, akasema hawezi. Akasema kila mtu anayemjua anakwenda kazini asubuhi bila kutazamwa na mtu yeyote, na yeye alikuwa anatazamwa, na alikwenda kazini akiwa na raha. Kisha akaendelea kukunja. Sista alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya mlango, maana ndani mlikuwa hamna hewa.

Mnada wa mwisho aliufanya wiki ya kulazwa. Sista alimkataza, akasema apumzishe ulimi, naye akauliza, nipumzishie nini? Kwa hiyo Sista akaenda naye, yeye ambaye alikuwa hajakanyaga mnadani tangu watoto wakiwa shule. Banda lilijaa vyombo vya nyumba moja iliyovunjwa: kabati, godoro, mashine ya kushonea, meza ya kujipambia yenye kioo kilichopasuka pembeni. Dalali alipanda kwenye sanduku lake, akakohoa, akaanza.

Maneno hayakutoka kama zamani. Yalikuwa yanateleza mwishoni, na mengine yalikuja na mate, akawa anayafuta kwa leso kati ya bei na bei. Wateja wageni walidhani anaigiza, wakacheka. Wazoefu hawakucheka. Hata hivyo aliuza. Aliuza kila kitu, na Sista, amesimama nyuma karibu na magodoro, aliona jinsi alivyofanya. Hakuwa akisikiliza midomo ya wanunuzi hata kidogo. Alikuwa anawatazama machoni, mmoja baada ya mwingine, na kumsubiri yule mmoja ambaye macho yake yamekwisha nunua.

Walipopumzika alimwuliza anajuaje. Akamweleza polepole, kwa sababu polepole ndiyo iliyokuwa imebaki.

“Mdomo wa mnunuzi unasema bei anayoitaka. Macho yanasema bei atakayotoa. Miaka yote, Sista, macho hayajanidanganya.”

Akarudi kwenye sanduku na kuuza ile meza yenye kioo kibovu. Alihesabu ya kwanza, ya pili, akangoja sana kabla ya ya tatu, mpaka watu wakaanza kutazamana. Halafu akapiga nyundo, akashuka, akampa nyundo kijana wa kwanza aliyekuwa karibu, na hakuitazama tena.

Upasuaji ulifanyika kama madaktari walivyosema, na baada yake mionzi, na baada ya mionzi shingo yake ikawa nyeusi na ngumu, na mate yakamkauka. Alikonda. Sista alimlisha uji kwa kijiko kidogo cha mjukuu, akamfundisha kuinamisha kidevu ili usimwingie njia mbaya. Kuongea kulirudi kwa kiasi. Mtu mwingine angesikia ngurumo tu, lakini Sista alielewa karibu yote, kama alivyowahi kuelewa lugha ya watoto wake kabla hawajaota meno. Dalali ambaye aliuza banda zima kwa pumzi moja sasa alihitaji mkewe amtafsirie dukani anapoomba kiberiti. Mwenye duka alikuwa anamwinamia na kumpigia kelele kana kwamba amekuwa kiziwi. Dalali akiwa amegeuka kuondoka alimnong'oneza Sista kwamba huyo mama angekuwa kabati, asingepata mteja.

Dirishani hawakusimama tena. Hakuna aliyelifuta jambo hilo kwa maneno. Sista alianza tu kuamka mapema na kumpelekea chai kitandani, ya vuguvugu, kwenye kikombe chenye mdomo. Alipanga hata masufuria pale kwenye ubao wa dirisha ili pasiwe na nafasi ya mtu kusimama. Kinywa cha mumewe kilikuwa mali ya kliniki sasa, alijiambia, kuna watu wenye vyombo na taa. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Mkono wake ulikuwa umewafungua watoto wa mji mzima vinywa, na sasa ulikwepa shavu la mzee mmoja.

Basi ikawa siku moja, siku ya kliniki ikiwa bado mbali, Sista aliingia jikoni akakuta masufuria yamehamishiwa mezani, yamepangwa vizuri. Dalali alikuwa amesimama dirishani amevaa shati lake la kazini, ambalo sasa lingemtosha yeye na mwingine. Alikuwa amefungua kinywa. Alichoweza kukitoa nje kilikuwa kidogo, kimepinda upande mmoja, kina mshono uliong'aa kama kovu la zamani la goti. Lakini alikitoa chote.

Sista akamwambia aache, atapata baridi. Dalali hakufunga kinywa. Akagusa shavu lake kwa kidole, akaelekeza kwenye mwanga.

Kwa hiyo alimtazama. Alinawa mikono, akaleta tochi na shashi, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie nyumba ile alimtazama kama alivyowafundisha wengine. Akaushika ncha. Akauinua, akatazama chini. Akavuta upande uliokatwa, akapitisha kidole kando ya mshono, laini, safi. Chai ilikuwa inachemka nyuma yake na hakugeuka. Akavuta upande wa pili, ule mzima, ule ambao madaktari walimwachia. Akamulika nyuma kabisa, pale shina la ulimi linapoanza.

Palikuwa na baka jeupe, dogo, lisilozidi punje ya mchele.

Linaweza kuwa utando, alijiambia. Mionzi huleta utando, fangasi huleta utando, kinywa kikavu namna hii kinaleta kila kitu. Akazungusha shashi kwenye kidole. Akasugua. Akasugua tena, kwa nguvu kidogo, na Dalali akakunja uso lakini hakujitoa. Akatazama shashi. Ilikuwa safi. Akamulika tena. Punje ilikuwa pale pale, na chini ya kidole chake ilikuwa ngumu.

Alijua kila kitakachofuata. Barua, benchi, kinyama kidogo, yule daktari mwenye kucha safi ambaye safari hii hatakuwa na nusu ya kukata. Angempeleka, bila shaka angempeleka, leo hii kabla ya jua kuwa kali. Alikiona mapema safari hii. Amekiona kikiwa punje, amefanya yote ambayo mara ya kwanza hakuyafanya, na hakikubadilika kitu. Akazima tochi. Mumewe alikuwa amesimama kwenye mwanga na kinywa wazi, anangoja kama alivyongoja kila asubuhi ya maisha yao. Alikuwa anamwomba kitu kimoja tu, na kilikuwa ndicho pekee Sista alichobakiwa nacho.

“Haya,” alisema Sista. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kila siku, hakukosea hata kidogo. “Kanywe chai.”

Dalali akafunga kinywa. Hakuondoka. Alimtazama mkewe machoni, bila haraka, kama alivyowatazama wanunuzi akiwa juu ya sanduku lake. Sista alijaribu kugeukia jiko, akachelewa.

Basi Dalali akatabasamu kidogo kwa ule upande unaotabasamu, akanyoosha mkono, akagonga ubao wa dirisha kwa kifundo cha kidole. Mara ya kwanza. Akangoja. Mara ya pili.

Mkono ulipoinuka tena, Sista aliudaka hewani. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaukumbatia kifuani, naye Dalali akamwachia. Chai ilichemka ikamwagika, moto ukazimika wenyewe, na nje mtu alipita akawasalimia dirishani, hawakumwitikia. Sista alikuwa anang'ang'ania ule mkono usishuke.